Hodi ya Baruti

Nakumbuka siku baba yako alipokuja kuniposa, mwanangu, na watu wa Ziwani wakadhani vita vimevuka mto. Unacheka? Cheka tu. Mimi siku ile sikucheka, maana nusura nikukose.

Baba yako Hamisi alikuwa kijana wa Mtawanya, mwenye pikipiki moja nyekundu na majivuno ya pikipiki kumi. Aliondoa ekzosi yake ya asili, ile inayonong'ona, akabandika nyingine fupi na pana aliyoinunua kwa kijana mwenzake wa bandarini. Haikuwa ya pikipiki ile. Maungio hayakukaa sawasawa, kwa hiyo akayafunga kwa kipande cha kopo la soda na waya. Tangu hapo, kila akiachia mafuta kwenye mteremko, ekzosi inalipuka: pa! pa-pa! Wenzake kijiweni wakamshangilia. Nami nilikuwa mwali mwenye masikio ya kupenda. Nikisikia milipuko ile njia panda, moyo wangu uliruka kabla kuku hawajaruka.

Kwetu, unajua, mjomba ndiye mwenye neno. Baba hula wali wa harusi, lakini ruhusa hutoka kwa mjomba. Mjomba wangu Salumu aliishi nasi pamoja na mama yake, bibi yangu, ambaye alivuka Ruvuma akiikimbia vita ya Msumbiji, sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Mtoto yule mgongoni ndiye Mjomba Salumu. Bibi alisamehe mengi katika dunia hii, ila mlio wa ghafla hakuwahi kuuzoea. Hata korosho ikipasuka motoni, alishika kifua.

Basi Mjomba akapeleka neno kupitia kwa mshenga, Mzee Issa: kijana aje, lakini aje kwa adabu.

Hamisi alielewa. Kabla hujafika kwetu kuna mteremko, na chini yake kuna mchanga mwingi. Akaamua kuzima pikipiki kule juu, iserereke kimya mpaka chini. Nia ilikuwa njema, mwanangu, ila nia njema nayo ina ufundi wake. Alizungusha ufunguo tu, akaiacha pikipiki ndani ya gia. Injini ikaendelea kuzunguka bila kuwaka, ikimeza petroli mbichi na kuitema kwenye ekzosi ya moto. Alipofika chini mchanga ukamkaba, naye akarudisha ufunguo.

Haikuwa pa. Ilikuwa bunduki.

Mzee Issa, aliyepakiwa nyuma na kanzu yake nyeupe, alitua kwenye mihogo. Kuku wakatawanyika. Na Bibi, masikini, akatoka chumbani ameshika kanga mkononi, anamtafuta Mjomba Salumu ambebe mgongoni. Mtu mzima yule, mwenye ndevu. Aliinama, akaacha mama yake amfunike kanga mabegani. Kisha akamkalisha barazani na kugeukia uani.

"Watu hubisha hodi kwa mdomo," alimwambia Hamisi. "Wewe umebisha kwa baruti. Posa imekwisha. Rudi kwenu."

"Salumu," Mzee Issa alisema akijipangusa majani, "kijana alizima kwa heshima yako."

"Heshima gani hiyo, mshenga? Hata wewe imekutupa."

Hamisi alipiga magoti mchangani. Aliamini kabisa kwamba pikipiki ile imeingiwa na shetani. Nami nilisimama mlangoni nikijua jambo asilolijua yeye. Nilijua, lakini kulisema ni kujivua nguo mbele ya wazee. Nikamwona anainuka, anashika usukani aondoke. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mjomba, inavuja. Pale kwenye waya, upande wa kulia. Panapuliza moto."

Mjomba akanitazama polepole.

"Na wewe, mwali, umejuaje panapopuliza?"

Nikapandisha kanga kidogo. Mguuni, juu ya kifundo cha kulia, palikuwa na kovu la kuungua, bado jekundu. Wasichana wa heshima walikaa upande kwenye pikipiki, miguu kushoto. Kovu lile lilitangaza kwamba nimepanda, na kwamba nimepanda kama mwanamume.

Wa kwanza kucheka alikuwa Bibi. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ile kanga.

"Salumu mwanangu, unamkataza nini mtu aliyekwisha kuungua? Mwambie huyo akazibe ekzosi yake. Siku atakayokuja nisimsikie, ndiyo siku ya posa."

Hamisi akaenda kwa fundi. Waya na kopo vikatupwa, maungio yakawekwa gasketi mpya na klipu iliyokazwa vizuri, hewa isipate pa kupenya. Kabureta nayo ikarekebishwa, kwa sababu ekzosi pana huifanya injini ipate hewa nyingi na mafuta machache. Na akafundishwa kushika klachi kabla ya kuzima. Ekzosi ilibaki ileile fupi, mwanangu. Haikuacha kunguruma, iliacha kulipuka.

Aliporudi, Bibi alikuwa barazani akibangua korosho. Pikipiki aliiacha mbali, juu ya mteremko, akashuka kwa miguu, mshenga nyuma yake akishukuru Mungu. Tulisikia sauti tu: "Hodi wenyewe."

"Karibu," Bibi akajibu bila kuinua kichwa. "Sikukusikia unakuja." Mpaka anakufa, hakuwahi kumsifia baba yako kwa sifa kubwa kuliko hiyo.

Sasa nawe umebandika ekzosi ya kununua, nami nimekusikia ukishuka barabara ya Naliendele. Sikukatazi. Ujana una haki ya kunguruma. Ila mlipuko si nguvu, ni ufa unaopiga kelele, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Chunguza maungio. Kumbuka pia kwamba kila nyumba unayoipita ina mtu ambaye huijui safari yake. Na ukimpata wa kumpakia, muulize kama anaungua. Mimi nilinyamaza nikidhani ndiyo mapenzi, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Nusura kimya changu kinipotezee baba yako.

Mungu akupe barabara laini na maungio yasiyovuja, mwanangu, na mlango ambao ukisema hodi kwa sauti yako mwenyewe, aliye ndani ataijua.