Tangi la Mrumi

Fundi mwashi wa mtaani kwetu tulimwita Mrumi. Wenzake wakipumzika kubishania mpira, yeye alikuwa kwenye simu, akifuatilia bafu gani la kale limefukuliwa, au wasomi wa Ugiriki ya kale wanagombania nini.

"Leo kafa mfalme gani?" walimtania.

Hakujali. Na angejali kwa nini? Nani alisema Roma ni mali ya maprofesa, na mjenzi asiwajue waliojenga kabla yake?

Siku moja akasoma kwamba zege la Warumi, kwa sababu ya chokaa yake, likipata ufa huweza kujiziba lenyewe maji yakipita. Hakutulia tena. Dada yake mkubwa, mjane anayefua nguo za watu, alitaka tangi la kukinga mvua uani, aachane na kubeba ndoo kutoka bombani. Mrumi akamjengea la Kirumi: saruji kiduchu, chokaa tele, na jivu la jikoni.

"Jivu hili hili la mkaa?" dada aliuliza. "Kwani hao Warumi walikuwa wanatumia jiko kama langu?"

"Dada, haya mambo ya wasomi. Niletee maji."

Dada akacheka, akaleta maji.

Tangi lilipojazwa, kuta zikatoa jasho, kisha vijito.

"Litajiziba," Mrumi alisema. "Lisikauke tu."

Basi dada akawa anabeba ndoo nyingi kuliko zamani, kulinywesha tangi lipone.

"Mrumi, hilo tangi au chujio?" jirani, fundi viatu, alipiga kelele juu ya ukuta.

Dada ndiye aliyejibu. "Mdogo wangu kasoma! Wewe umesoma nini, soli?"

Mrumi akaifungua tena ile habari, apate la kumzibia jirani mdomo. Safari hii akasoma hadi mwisho, sehemu aliyoiruka kwa pupa. Jivu la Warumi lilikuwa la volkano. Masikio yakamwaka moto. Angeweza kusingizia saruji, mbovu siku hizi, na nani angebisha?

Dada akaingia na ndoo kichwani, shingo imelowa.

"Leo naona linavuja kidogo, au siyo?"

Lilikuwa linavuja vilevile. Jirani alikuwa pale pale ukutani.

"Tua ndoo, dada. Halitajiziba. Jivu silo. Sikumaliza kusoma."

Alingoja kicheko cha jirani. Jirani akainama, akarudi kwenye viatu vyake, na hilo likamuuma zaidi.

"Si nilikuuliza," dada alisema taratibu.

"Uliniuliza."

"Na mimi huku natukana watu kwa ajili yako."

Dada akamimina maji kwenye beseni la nguo, siyo kwenye tangi, akamsukumia mdogo wake ndoo tupu kifuani.

"Bombani unapajua."

Mrumi akatoka nayo mchana kweupe, akapita mbele ya fundi viatu bila kuinua macho. Aliporudi, maji yakimchuruzika usoni, akaimimina ndoo kwenye beseni na kuondoka tena kabla dada hajamwambia.