Jiwe la Nyuma ya Tairi

Mume wangu alikuwa dereva, na pikapu yetu haikuwa na breki ya mkono. Waya wake ulikatika kabla hajanioa, akasema ataushughulikia Garissa ikiota milima. Maneno hayo! Mji mzima ni tambarare na mchanga mtupu, ila sisi, kwa bahati yetu, tulipanga nyumba kwenye mteremko unaoshuka mtoni Tana.

Kwa hiyo tuliishi na jiwe. Alilitoa mbali, maana Garissa mchanga utauchoka, jiwe la maana ndiyo shida. Akirudi safari alipandisha gari hadi langoni, pua ikitazama juu, akazima injini, akaliacha kwenye gia ya kwanza, kisha akashuka na kulisukuma jiwe kwa teke nyuma ya tairi. Jikoni nilisikia mlango, halafu teke, halafu “Bismillahi” yake. Hapo nikaongeza maji ya chai. Mpaka leo injini ikizimwa nje, masikio yangu hungoja lile teke.

Mimi ni mtu wa Malindi, nilipelekwa Garissa kufundisha, na Kiswahili chake, kila p ikigeuka b, nilikicheka kutwa. Siku aliyonifunza kuendesha, niliwasha gari likiwa ndani ya gia na mguu wangu sijaugusisha klachi. Loo! Liliruka kama mbuzi aliyeona kisu, likaponda pipa la maji la jirani. Nilidhani atafoka. Alicheka mpaka akaketi chini.

“Kanyaga klachi mbaka mwisho,” akasema. “Tikisa gia, kushoto, kulia. Ikicheza, iko huru. Ndiyo uwashe. Bole bole, mama.”

“Ni polepole,” nikamsahihisha.

“Haya, mwalimu. Lakini biba ya watu imekufa.”

Akiondoka, gari lilikwenda mbele na jiwe likabaki pale pale. Sharti lake lilikuwa moja tu, lisiguswe. Yule jirani wa pipa aliwahi kuliomba, alikuwa anatafuta figa la tatu. Nikamwambia achukue kiti cha sebuleni, jiwe hapana. Akaniona nina wazimu, shauri yake. Mimi niliamini kwamba jiwe likiwa langoni, mwenyewe yuko njiani anarudi.

Mwaka wa mvua kubwa alipeleka sukari Buna, yeye na dereva mwenzake, mtu wa Hadado. Barabara zikakatika nyuma yao. Wiki zikapita bila habari. Kila asubuhi nilipangusa tope kwenye jiwe, mimi mwanamke mzima, nikaligombeza: mlete, bwana, mlete. Nilikuwa na hamu naye hadi kifua kinauma. Hata ile “bole bole” niliyokuwa nikiicheka, ningetoa chochote niisikie.

Alasiri moja nikasikia injini yetu ikikohoa mteremkoni. Ile siwezi kuikosea. Nikaongeza maji ya chai, nikajitanda mtandio mpya. Injini ikazimwa. Mlango ukabamizwa. Nikangoja teke.

Halikuja.

Nikatoka hata viatu sikuvaa. Yule mwenzake alisimama kando ya pikapu, peke yake, kofia ameibana kifuani.

“Dada,” akasema, akitazama chini. “Malaria. Inna lillahi. Tumemzika Buna.”

Watu huniuliza kama nilipiga ukelele. Sikupiga. Nilichokiona ni pikapu. Kwao Hadado hakuna mteremko, gari ukiliacha popote utalikuta hapo hapo, wala huhitaji gia wala jiwe, na yeye alikuwa ameliacha hivyo hivyo, huru. Nyuma ya mgongo wake lilikuwa linaanza kurudi, taratibu, kuelekea mtoni.

Nikampita mbio. Nikalipiga jiwe teke kwa mguu mtupu, likaingia chini ya tairi, na gari likasimama.

“Bismillahi,” nikasema, na hapo ndipo nilipolia.