Kauzu wa Wodi ya Mwisho

Wenzake walimwita Kauzu, na jina lilimkaa. Miaka mingi aliuguza katika wodi ile ya mwisho wa korido, wanakoletwa wagonjwa ambao dawa zao zimeshagonga mwamba, na hakuna aliyewahi kuliona chozi lake. Mgonjwa akikata roho, alimfumba macho, akawapa wafiwa pole, kisha akageukia kitanda cha pili.

"Ukianza kulia," aliwaambia wauguzi wapya, "nani atamgeuza yule pale?"

Jumapili moja mchana mumewe alijilaza kwenye kochi, mafua tu. Kauzu alipomletea chai alimkuta kalala chali, mdomo wazi. Akaweka kikombe chini, akapiga magoti, akamshika mkono na kumnong'oneza kwa sauti yake ya wodini: "Nenda salama, baba. Usiogope."

Mume akafumbua macho. "Niende wapi tena?"

Akaangua kicheko. Kauzu hakucheka. Alikuwa amemuaga baba wa wanawe, na moyo wake haukushtuka hata kidogo.

Kesho yake alimfuata mkuu wa wodi kwenye chumba cha mashuka, akamweleza yote. Yule mama hakutoa nasaha. Alifunga mlango, akaketi juu ya furushi.

"Mimi nilishindwa kumlilia mama yangu mzazi," alisema. "Ndugu wakasema nina roho ya jiwe. Keti, mdogo wangu. Nani hakutoki kichwani?"

Kauzu aliketi. Kisha akamtaja mwalimu mmoja aliyekuwa akiuliza, pumzi za mwisho mwisho, kama mvua imenyesha.

"Nikamwambia imenyesha. Nje jua kali, dada. Kavu kabisa."

Nyuma ya mwalimu wakaja wengine, mmoja baada ya mwingine. Alilia kwa kwikwi, na shuka safi alilojifutia likabidi lirudi kwa dobi.

Tangu hapo wauguzi hukutana chumbani humo kila Ijumaa kuwazungumzia waliokufa. Si wote wanaokuja. Mmoja, yule mcheshi kuliko wote, aliacha kazi bila kuaga. Kauzu mwenyewe bado hushtuka usingizini, na zipo siku moyo hurudi kufa ganzi.

Ila akifika nyumbani, husema: "Leo tumempoteza bibi wa dirishani." Mumewe huzima redio, akamsogezea kiti.