Cere Yangu Siiazimi

Naikumbuka siku ile kijijini kwetu Ajia, mwanangu Ezama, ingawa nimekaa nayo kimya miaka mingi. Leo umenilazimisha kuisema, wewe na hiyo simu yako ya kurekodia.

Umekuja asubuhi na wenzako wa kikundi, wa hapa Arua na wa Koboko, mmevaa fulana mpya za rangi moja, ukaniambia, "Mzee, wageni iko njiani kutoka Kampala. Tupatie tu cere yako. Tutarekodi, tutafundisha vijana kumi, watapiga wote pamoja pale hoteli. Wageni wanapenda sana kitu hiyo." Vijana kumi! Nikakufukuza, na sijutii. Nimekuita tena kwa sababu naona hujui ulichokuwa unaomba.

Kwetu kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, ana cere yake, ule ukelele mrefu anaoutunga mwenyewe ujanani na kuupiga akitaka ajulikane kutoka mbali. Ni wake peke yake. Ukipiga cere ya mwenzako umemchokoza, na zamani watu walipigana kwa hilo. Haya unayajua, sema umeyapuuza.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimerudi likizo na Kiingereza changu cha shule, najiona mkubwa kuliko ukoo mzima. Wakaja Wazungu wawili, mume na mke, wana kinasa sauti, wanatafuta mambo ya mila. Nikawaonyesha maghala, nikawapigia kinubi chetu, adungu, wakaitikia kwa adabu tu. Nilitaka washangae! Nikapanda juu ya jiwe nyuma ya nyumba, nikapiga cere ya babu yangu.

Babu alikuwa amekufa miezi michache kabla. Enzi za uhai wake, kila jioni akirudi, aliipiga akifika kijitoni, na bibi akiisikia alimwekea maji ya kuoga. Niliijua cere ile kuliko yangu mwenyewe, pamoja na mkwaruzo wa mwishoni uliotoka kwenye kifua chake kibovu. Wageni wakapiga makofi. Wakaomba tena. Nikarudia mara tatu, mjinga mimi.

Bibi alikuwa ng'ambo ya bonde, anapalilia simsim. Nikamwona anakuja mbio, mwanamke wa umri ule, amelowa mpaka kiunoni kwa sababu hakungoja kufika kwenye kivuko. Jembe alikuwa amelitupa huko huko.

"Nimesikia bwana yangu," akasema akihema. "Iko wapi?"

Nikashuka kwenye jiwe. Yule Mzungu mume, akidhani anamfurahisha, akabonyeza mashine, na babu akaita tena kutoka ndani ya kile kisanduku. Bibi akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Umemwita," akasema. "Haya, mlete."

Akaketi chini palepale, akangoja. Wageni wakapanda gari, wakaondoka na sauti ya babu yangu, na mpaka leo sijui nani anaisikiliza na anacheka nini. Jioni baba yangu akarudi, akapiga cere yake kijitoni kama kawaida. Bibi hakuinua kichwa. Tangu siku ile mpaka tunamzika, hakuinua tena kichwa kwa cere ya mtu yeyote, hata ya mwanawe. Nilimfanyia hivyo mwanamke aliyenilea, ili nipigiwe makofi.

Sasa kila nikifungua redio nasikia kwamba utalii utainua nchi yetu ndogo, tuutoe utamaduni wetu tuuuze. Wakubwa wanafungua sherehe kwa hotuba ndefu, na sijasikia hata mmoja akiuliza kipi kati ya hivyo vitu kina mwenyewe. Inanikasirisha, Ezama! Wageni siwakatai. Waje Koboko, waje Arua, wale enyasa, ugali wetu, mpaka washibe, wacheze ngoma na miguu yao migumu, nanyi mpate riziki. Wasimulieni hata habari za cere. Wakiomba kuisikia ya marehemu au ya mzee asiyekuwepo, wakatalieni bila haya, na muwaambie sababu. Anayetaka cere atunge yake, mgeni kwa mwenyeji.

Na wewe piga yako. Unayo? Nilikuuliza asubuhi ukatazama chini. Miaka ishirini na tano huna cere, halafu unataka kuazima ya mzee!

Nenda kaitafute. Yangu siitoi, na nikifa msiipige. Mama yenu pale jikoni bado anaisikia jioni na kuniwekea maji, na sitaki siku moja apite mtoni mbio kwa ajili ya makofi ya watu. Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na akupe mtu wa kukutambua kwa sauti kabla hujafika nyumbani.