Ghinwa, fundi wa kujaribu tena

Saa tatu asubuhi mtandao wa bohari unakatika, na Ghinwa Kharrat anaweka kikombe chake cha kahawa mezani taratibu.

Katika chumba hiki kilicho juu ya bohari ya dawa mjini Saida, kusini mwa Lebanon, wenzake wawili wameacha kazi zao na kumtazama yeye. Yeye anatazama kioo cha kompyuta, ambako maduka ya dawa yanayoagiza mzigo kutoka hapa yamegeuka mekundu yote.

"Mbona hufanyi kitu?" anauliza Haji Munif Tarraf, mwenye bohari, akihema baada ya kupanda ngazi mbio.

"Nimeshafanya, Haji. Sasa nangoja."

"Unangoja! Mwezi jana pia tulingoja, watu wakakosa insulini."

Ghinwa haondoi macho kwenye kioo. Ana miaka thelathini na mmoja, na kazi yake haionekani kwa macho. Anaandika ile sehemu ya programu inayoamua la kufanya jambo linaposhindikana. Mfamasia anatuma oda, oda haifiki, programu inaituma tena yenyewe, na mfamasia hata hajui kama palikuwa na tatizo. Ikienda vizuri hakuna anayemshukuru. Ikienda mrama, jina lake linatajwa hadi milimani.

Na mwezi jana ilienda mrama. Mtandao wa bohari ulikatika kwa nusu saa tu, jambo la kawaida kabisa hapa. Lakini programu aliyoiandika kwa mkono wake ilikuwa imeyaambia maduka yote: ukishindwa, jaribu tena papo hapo, wala usichoke. Mtandao uliporudi, maduka zaidi ya mia mbili yaliivamia seva, kompyuta kuu ya bohari, kwa mpigo, ikaanguka. Ikawashwa upya, yakaivamia tena, ikaanguka tena. Ikawa hivyo kutwa nzima.

"Nilidhani nimeandika kitu chenye bidii," anasema. "Kumbe nimeandika kero."

Haji Munif si mtu wa kuzungusha maneno. Alimwambia kwamba likitokea tena anarudi kwenye simu na karatasi, na wao watatu watafute riziki kwingine.

Kwa Ghinwa, kwingine ni nje ya nchi. Wengi aliosoma nao chuo wameshaondoka. Kaka yake, Wassim, yuko Montreal, na kila akipiga simu wimbo ni ule ule: "Njoo huku, dada. Huku umeme haukatiki." Kwa kuandamwa hivyo, Ghinwa aliishia kupeleka maombi ya viza.

Lakini moyo wake uko Saida, kwa mama yake, Umm Wassim, mjane anayeishi naye. Dola mia saba anazolipwa kwa mwezi zinatosha kodi, ada ya jenereta na dawa za presha za mama. Zikibaki, wanakula nyama Jumapili. Yeye anaona hayo ni maisha mazuri. Mama ndiye aliyekuwa akimsukuma aondoke.

"Nenda, mwanangu, usinitazame mimi," alikuwa akimwambia. "Mimi nina majirani."

Majirani hao ndio waliomfumbua macho. Katika jengo lao familia saba zimechangia laini moja ya jenereta. Jioni moja, siku chache baada ya balaa lile la bohari, Ghinwa alikuwa akipanda ngazi umeme uliporudi. Kila nyumba ikawasha hita ya maji, mashine ya kufulia na pasi kwa pamoja. Swichi kuu ya chini ikajikata.

"Nani kawasha hita?" akafoka Abu Shukri wa ghorofa ya kwanza, akiburuza ndala kwenda kuipandisha.

"Si mimi, wallahi!" wakajibu watu watano kwa sauti moja.

"Basi ni paka! Paka wa jengo hili anaoga maji moto!"

Akaipandisha, ikajikata. Akaipandisha tena, ikajikata tena, kwa sababu kila mtu alikuwa akingoja mwenzake ndiye azime. Mwishowe wote wakachoka, wakazima kwa hasira, wakaenda zao. Mmoja akaenda kulisha watoto, mwingine kuswali, mwingine akazama kwenye simu. Walirudi kuwasha vitu vyao kila mmoja kwa wakati wake, na swichi ikatulia.

Ghinwa aliketi ngazini akacheka mpaka Abu Shukri akaudhika.

"Unacheka nini, binti? Si ni wewe na hiyo mashine yako ya kukaushia nywele!"

"Kweli ni mimi, ami. Lakini mashine yenyewe ni ya bohari, si ya nywele."

Kesho yake aliandika upya. Sasa duka likishindwa kutuma oda, linangoja kidogo, na kila likishindwa linangoja muda mrefu zaidi. Muda huo haufanani: programu ya kila duka inajichagulia wake kwa kubahatisha, ili yasirudi yote kwa mpigo. Tena kila oda imepewa namba yake, hata ikitumwa mara tatu ihesabiwe moja. Hilo la namba alilidai Daktari Najwa, mfamasia wa mji wa Jezzine, ambaye siku ile aliagiza katoni moja ya dawa ya chawa akaletewa tatu.

Leo ndiyo mara ya kwanza mtandao kukatika tangu mabadiliko hayo.

Mtandao unarudi. Duka moja linageuka kijani. Linafuata la pili, kisha kimya.

"Mawili tu?" anasema Haji Munif.

"Yanakuja, Haji. Moja moja."

La tatu, la nne. Sasa yanawaka hapa na pale, bila mpangilio, na seva haitetereki. Simu inalia. Ni Daktari Najwa.

"Roho yangu, insulini yangu imekubaliwa! Na chawa sijaagiza, tafadhali!"

Chumba kizima kinaangua kicheko. Ghinwa anafunika uso kwa mikono, na mabega yanamshuka. Kabla ya adhuhuri maduka yote ni ya kijani.

Haji Munif hana desturi ya kusifu. Anaagiza mikate ya zaatari, yenye viungo vya majani na ufuta, kwa wote, na akifika mlangoni anasema, "Mwakani nataka na maduka ya mji wa Sur yaingie humo." Kwake yeye, huo ni mkataba.

Ghinwa ana mipango. Anataka programu hiyo ifike kwenye vituo vya kusafishia damu wagonjwa wa figo, na anataka majirani wachangie paneli za sola ili magoti ya Abu Shukri yapumzike. Lakini kwanza anampigia mama yake.

"Mama, kazi ipo. Imeshika."

Ghinwa anaibana simu sikioni.

"Mama? Umekatika?"

"Nipo."

"Unalia?"

"Nalia, ndiyo. Nimekwambia nenda, nenda, kwa mdomo huu huu. Na kila sala nilikuwa naomba hiyo viza yako ikataliwe. Mungu anisamehe."

Ghinwa anacheka huku naye machozi yakimtoka.

"Basi pumzika, mama," anasema. "Hayo maombi ya viza nayaondoa mwenyewe leo hii."