Nyumba ya Maxwel Inaongezeka Yenyewe

Saa mbili asubuhi, Gilgil ingali imejifunika ukungu, na Jepkoech anapangusa kontrola za gemu kwa kitambaa chenye spiriti. Vidole vya vijana vina mafuta ya chapati, anasema, na kontrola ikishaanza kuteleza, ugomvi hauko mbali.

Kibanda chake kina runinga nne na mabenchi ya mbao. Gemu moja ni shilingi ishirini. Mwanamke huyu wa miaka thelathini na sita amekuwa akicheza tangu darasa la tatu, na maoni yake hayana breki. Gemu za mpira? "Kelele tu. Mtu anafungwa bao, analaumu waya." Za kupigana je? "Hizo ni za wenye wameudhiwa nyumbani. Wacha wapigie hapa, wasipigie huko."

Anachokipenda ni kujenga. Mezani ana beseni la vitofali vya plastiki, vya mitumba, alivyonunua kwa kilo sokoni Nakuru. Vile vya boksi, vyenye picha ya kufuata, hataki hata kuviona.

"Ukifuata picha, boss, unajenga nyumba ya mtu mwingine. Hivi vya beseni vinakuuliza, wewe unataka kuishi wapi?" Anacheka. "Lakini usivikanyage bila viatu. Utaongea lugha hujawahi kufunzwa!"

Kicheko kinakatika anapotazama pazia la nyuma. Huko kuna mashine ya tano.

Ni ya zamani, na wateja hawaigusi. Ndani yake mna gemu ya kujenga, na humo ndimo yeye na mdogo wake Maxwel walijenga nyumba yao kwa miaka mingi: kuta za mawe, shamba la ngano, vitanda viwili. Maxwel alifariki miaka mitatu iliyopita katika ajali ya barabarani karibu na Kikopey. Tangu hapo Jepkoech hakuongeza hata tofali moja. Aliwasha, akaangalia, akazima.

Mwezi wa nne mwaka huu, dirisha likaongezeka.

"Nikajiambia ni mimi, nimesahau. Majonzi husahaulisha mtu." Kisha ukachomoza ukuta. Akaanza kufungia kontrola kabatini na kuvaa ufunguo shingoni. Ukuta ukaendelea kupanda. Fundi Ndegwa aliifungua mashine, akaitazama weee, akarudisha skrubu. "Haijaunganishwa na mtandao wowote, madam," akasema. Siku hizi Ndegwa husalimia akiwa ng'ambo ya barabara.

"Sisemi ni yeye," Jepkoech anasema. "Nasema tu si mimi."

Mama yao, Chepkurui, ni mkulima wa viazi kule Olenguruone, na kanisani ana kiti chake. Aliposikia habari hizo alitoa amri kwa simu: ifutwe. "Mtoto wangu tulimzika na maombi. Wewe ndiwe unamnyima usingizi!" Jepkoech akakataa katakata. Wakanuniana wiki kadhaa, hata mama akafunga safari mwenyewe kuja kushuhudia ikifutwa, na Jepkoech akasalimu amri.

Aliketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Jepkoech, machozi yakimlenga, akaiwasha kwa mara ya mwisho na kumtembeza mama ndani ya nyumba: sebule, vitanda viwili, kisha chumba kile kipya, bado hakina paa.

Mama akasimama.

"Hiyo ni jikoni yangu."

Meko pembeni, kibenchi cha ukutani, kidirisha cha kuchungulia ndama. Ndimo alimopikia alipoolewa, na ilibomolewa kabla Jepkoech, kifungua mimba wake, hajazaliwa. Picha yake haipo. Wala hakuwahi kuwasimulia wanawe. Nani husimulia watoto habari za jikoni?

Kando ya meko palikuwa na kitanda cha tatu.

Jepkoech anasema alimgeukia mama. Lo! Mama alikuwa anatabasamu. "Usifute," akasema. "Kijana amenikumbuka. Mwache amalize."

Basi mambo yamegeuka. Anayetaka nyumba ibaki ni mama, ambaye hupiga simu kila Jumapili akitoka kanisani kuuliza imefika wapi, kwa sauti ya mtu anayengoja kuhamia. Sauti hiyo siku hizi ina kikohozi. Anayetamani kufuta sasa ni Jepkoech, na hawezi.

"Nikifuta, nitakuwa namzika Maxwel mara ya pili. Na nikiacha, naogopa nitamzika mama. Haki ya Mungu, naogopa."

Paa lilianza kuwekwa wiki ile ile mama aliporudi Olenguruone. Kwao, nyumba isiyoezekwa hailali mtu. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, Jepkoech huingia chumba kile na kutoa tofali moja la paa. Kesho yake hulikuta limerudishwa.

"Maxwel nilimfunza mimi kucheza, na hajawahi kunishinda," anasema. "Nitatoa mpaka achoke. Mama ako na miaka sabini na moja tu. Nataka nikae naye hata ishirini zingine."

Anavuta pazia na kuwasha. Jana alitoa tofali moja. Leo yamerudi manne, na limebaki pengo dogo tu juu ya kitanda.

"Pole, Maxi," anaiambia skrini taratibu. "Huyu bado namhitaji."

Anaanza kubomoa.