Mkeka Mwekundu wa Somoe

Kijiji chetu cha Kitomanga hakikupungukiwa wasukaji wa mikeka, lakini Somoe binti Abdala alikuwa na ulimi mwepesi na vidole vyepesi kuliko huo ulimi. Mikeka yake haikutembezwa. "Kizuri chajiuza," alitutania sisi tuliochuuza yetu juani.

Miaka ile ya Mwingereza, baada ya vita, mumewe Ismaili alipaka rangi vyuma katika kiwanda kimoja cha mkonge karibu na Lindi. Walizuia kutu kwa risasi nyekundu, si ya bunduki bali unga wa madini, laini na mzito ajabu, kikopo kidogo tu kilimlemea mtu. Waliukoroga na mafuta, wakapaka matangi na mapaa. Msimamizi aliwaambia wanaume wanawe mikono kabla ya kula. Wake zao hakuna aliyewaambia neno, na hadi leo nikimkumbuka msimamizi yule damu inanichemka.

Ismaili alileta nyumbani unga uliobaki. Somoe akautia katika uji mwembamba wa muhogo ili ushike, akachovya ukindu humo. Ukatoka na wekundu ambao mizizi yetu ya porini haijawahi kuutoa. Tulimwonea wivu, nisiseme uongo. Alisuka msimu mzima, na kila ukindu aliulainisha kwa mate, akiuvuta katikati ya midomo kama tulivyofanya sote. Mkeka mkubwa kuliko yote alimpelekea binti yake, Esha, huko Rutamba, aliyekuwa na mtoto wa kwanza anayetambaa.

Kwanza Somoe tumbo lilimsokota. Halafu viganja vikalegea, vikaning'inia, asiweze kuinua hata kikombe. Tukasema karogwa. Hospitalini Lindi, dresa, yule msaidizi wa daktari, alimfunua midomo, akaona mstari wa buluu kwenye fizi.

"Mama, umekula risasi. Umeitoa wapi?"

Somoe akamweleza. Dresa akamkataza kabisa unga ule, na kila kilichopakwa huo unga. Ndipo Somoe akamkumbuka mjukuu wake, ambaye umri ule hutia kinywani kila akionacho. Hakupita hata nyumbani, alishika njia ya Rutamba.

Alimkuta mtoto juu ya mkeka, degedege limemshika, Esha anampepea huku analia.

"Mwondoe hapo! Mkeka huo una sumu!"

"Sumu gani, mama? Si umeusuka mwenyewe?"

Esha alipomnyanyua mtoto, Somoe aliuuma mkeka kwa meno, akauburuta hadi uani, akausukumia kwa viwiko katika moto wa kupikia. Mtoto alikata roho mkeka ungali unawaka.

Tangu hapo Esha hakanyagi kwa mama yake. Humwambia kila mtu kwamba mama alichoma uchawi wake, na roho ya mtoto ikaenda nao. Kwake, mama ndiye aliyemuua.

Nilimwuliza Somoe kwa nini hajitetei. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, haina kazi tena.

"Mkeka nimesuka mimi," akasema. "Esha kakosea sababu tu."